Safari Rally ilirudi, lakini ni nani atakayemlipia kijana wa Kianyaga?

KATIKA gereji za Kianyaga si ajabu kumkuta fundi wa miaka ishirini na ushei akiifungua injini ya Subaru Impreza asubuhi na kuirejesha mahali pake kabla ya jua kuzama. Atakutajia bila kusita washindi wa Safari Rally tangu mashindano hayo yaliporejea katika ratiba ya dunia mnamo 2021, pamoja na magari waliyoyaendesha. Lakini ukimuuliza ni ipi njia ya kumtoa hapo alipo, mikono ikiwa imejaa oili, hadi kwenye usukani wa gari la mashindano, atacheka tu kisha arudi chini ya boneti.

Kicheko hicho kina sababu. Katika mbio za magari za kiwango cha juu, swali la nani ataketi nyuma ya usukani halijawahi kutenganishwa na swali la nani anayelipa. Na kwa miaka mingi sasa maswali yote mawili yamekuwa yakijibiwa mbali na Kirinyaga, hata pale ambapo jina lililobandikwa ubavuni mwa gari limezaliwa papa hapa Kenya.

Tuanze na mfano ambao huenda wengi wamekwisha kuusahau. Mnamo Februari 2019, timu ya Racing Point iliyokuwa ikishiriki mbio za Formula One ilizindua gari lake jipya la rangi ya waridi, na mbele ya jina la timu hiyo likawekwa jina SportPesa. Kampuni hiyo ya kamari ilianza shughuli zake nchini Kenya mwaka 2014, na hakuna kituo cha matatu katika eneo la Mlima Kenya ambako jina lake halikujulikana. Kijana aliyezoea kutuma shilingi zake chache kwa simu ili kubashiri matokeo ya mechi za Uingereza aliliona jina lile lile likizunguka Monaco na Monza.

Ajabu ni kwamba Januari 2018, mwaka mmoja tu kabla ya uzinduzi huo, kampuni hiyo ilikuwa imetangaza kusitisha udhamini wake wote wa michezo nchini baada ya serikali kupandisha ushuru wa mapato ya kamari hadi asilimia 35. Gor Mahia na AFC Leopards zilijikuta zikitafuta fedha za nauli. Ushuru ulipopunguzwa baadaye udhamini ulirejea kwa kiasi fulani, lakini Julai 2019 leseni ya kampuni hiyo ikakwama, na kufikia mwishoni mwa Septemba ikafunga shughuli zake Kenya, ingawa ilirejea baada ya muda. Msimu wa 2020 ulipoanza, magari ya Racing Point yalikuwa na jina la mdhamini mwingine, BWT. Sokoni Kianyaga hakuna aliyelia, kwa maana hakuna aliyekuwa na hisa katika jambo lile. Hata hivyo, kisa hicho kinafunza mengi kuhusu jinsi viti vya madereva hugawanywa.

Racing Point yenyewe ilizaliwa kutokana na mkosi wa fedha. Timu iliyotangulia, Force India, ilishindwa kulipa madeni na kuwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi mnamo Julai 2018. Dereva wake Sergio Pérez wa Mexico alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiidai, naye alikiri kwamba alishiriki katika hatua hiyo ya kisheria ili timu isizame kabisa. Walioinunua waliongozwa na bilionea wa Canada, Lawrence Stroll. Msimu uliofuata mwanawe, Lance Stroll, akahamia hapo kutoka Williams. Pérez alibaki, naye kwa miaka mingi alikuwa akiungwa mkono na matajiri wa kwao wakiwemo wa kampuni za Carlos Slim. Aliyekosa kiti ni Mfaransa Esteban Ocon.

Babake Ocon ni fundi wa magari. Familia hiyo iliuza nyumba yake na kuishi katika gari la kukokotwa ili mtoto aendelee kushindana katika mbio za vijigari vidogo. Kipaji chake hakikuwa na shaka, na mwaka 2021 alishinda mbio za Hungary akiwa na timu ya Alpine. Lakini mwaka mzima wa 2019 alikuwa dereva wa akiba, akitazama wengine wakishindana, kwa sababu mwenye timu alikuwa na mwana. Pérez naye aliyaonja hayo hayo mwishoni mwa 2020. Aliachwa akiwa bado na mkataba, nafasi yake ikaenda kwa Sebastian Vettel, na ni ushindi wake katika mbio za Sakhir mwezi Desemba uliochangia kumpa hifadhi Red Bull.

Nimekitaja kisa cha mwana wa fundi kwa makusudi. Hapa Afrika Mashariki njia ya kutoka gereji hadi jukwaa la washindi iliwahi kuwepo, na aliyeipita kwa mafanikio kuliko wote alizaliwa Kericho.

Joginder Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alifanya kazi katika gereji ya familia, kisha akawa mmoja wa walioajiriwa na chama cha magari kuzunguka barabarani wakiwasaidia wenye magari yaliyokwama. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant waliingia Safari wakiwa na Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika katika mashindano, gari ambalo wengi waliliona kuukuu, wakashinda. Ushindi ule ndio uliomfungulia milango. Kufikia miaka ya sabini Mitsubishi walikuwa wakimtegemea, naye akawapa ushindi mara mbili, 1974 na 1976, kwa gari aina ya Colt Lancer. Shekhar Mehta, ambaye familia yake ilitoka Uganda, alishinda 1973 kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote akiwa na magari ya Datsun.

Kampuni hizo hazikuwaajiri watu wa huku kwa hisani. Safari ya zamani, iliyoanza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ilikuwa shindano la maelfu ya kilomita katika barabara ambazo hazikufungwa. Dereva alikutana na basi, punda, mto uliofurika na udongo mweusi unaonata kama gundi. Mzunguko wa kaskazini uliuzunguka Mlima Kenya kupitia Nyeri, Nanyuki, Meru na Embu, na mvua za Pasaka ziliifanya kila kona kuwa kitendawili. Bingwa wa Ulaya aliweza kuwa na kasi maradufu na bado akalala ndani ya mtaro. Tangu 1953 hadi 1971 hakuna mgeni aliyeshinda. Hannu Mikkola wa Finland ndiye aliyevunja mwiko huo mwaka 1972 akiwa na Ford Escort.

Sisi tuliokuwa watoto wakati huo tuliijua Pasaka kwa mambo mawili, wali na vumbi la Safari. Tuliamka usiku tukashuka hadi barabara kuu ya Embu, tukasimama kwenye ukingo wa mashamba ya kahawa tukisikiliza. Mlio ulitufikia dakika kadhaa kabla ya taa. Gari lilipopita tulibaki na mambo matatu ya kubishania njiani kurudi nyumbani: namba yake, jina la dereva, na maandishi ya ubavuni. Hilo la tatu ndilo lililokuwa na thamani kwa waliolipia.

Maana watu wazima waliosimama nasi ndio waliokuwa wakinunua magari. Peugeot 404 ilishinda 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania, na 1968 kwa Nick Nowicki. Peugeot 504 ikashinda 1975. Si ajabu basi kwamba kwa miaka mingi abiria aliyetaka kufika Nairobi upesi kutoka miji ya mlima aliulizia "Peugeot", si matatu. Datsun nazo zilijaa mashambani baada ya ushindi wa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kampuni iliyomlipa dereva Mkenya ilijua kwamba fedha zake zingerudi kupitia kwa mkulima wa majani chai aliyepokea malipo yake na kwenda mjini kununua gari jipya.

Uhusiano huo ndio uliokatika, na sidhani kama umewahi kujadiliwa vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Kenya ililegeza masharti ya biashara, na magari yaliyotumika yakaanza kuingia kwa wingi kutoka Japan na Dubai kupitia bandari ya Mombasa. Leo sheria inaruhusu gari lisilozidi miaka minane. Matokeo yake ni kwamba barabara za Kirinyaga zimejaa Subaru na Toyota kuliko wakati mwingine wowote, lakini watengenezaji wa magari hayo waliuza mara moja tu, na waliuza kwa Mjapani. Kijana wa Kianyaga anayeipenda Subaru hadi kuichora ukutani hajawahi kuipa kampuni hiyo hata senti moja. Kwa nini basi kampuni imlipe dereva Mkenya ili kumshawishi mtu ambaye si mteja wake?

Aliyefikia kilele kabla ya mlango kufungwa ni Patrick Njiru. Jina Njiru ni la kawaida Kirinyaga na Embu, na kwa hivyo kila kijiji huku kilidai kwamba dereva huyo ni wao. Mwaka 1993 Subaru walileta vijigari vitatu aina ya Vivio vyenye injini ndogo isiyozidi ile ya pikipiki kubwa. Kimoja alipewa Colin McRae, na hakikumaliza. Njiru alimaliza katika nafasi ya 12 na kushinda kitengo chake. Mwaka uliofuata, akiwa na Impreza, alimaliza wa nne katika orodha ya jumla. Ian Duncan, Mkenya mwingine, ndiye aliyeshinda mwaka huo akiwa na Toyota Celica, na hadi Safari ya 2025 hakuna mwananchi mwingine aliyeshinda Safari ikiwa duru ya ubingwa wa dunia.

Tazama sasa aliyemfuata Njiru katika Safari ya 1994. Wa tano alikuwa Mwingereza mchanga, Richard Burns, akiendesha Impreza ya aina hiyo hiyo. Burns aliendelea kupewa magari na misimu, akashinda Safari 1998 na Mitsubishi na 2000 na Subaru, na 2001 akawa bingwa wa dunia. Njiru alibaki dereva wa Safari. Sisemi kwamba wangebadilishana nafasi, Njiru naye angekuwa bingwa wa dunia. Burns alikuwa na umri mdogo na kasi adimu, na alifariki mapema mno mwaka 2005. Nasema tu kwamba katika barabara zetu, kwa gari la aina moja, mmoja alimaliza mbele ya mwenzake, na soko la madereva likamchagua aliyemaliza nyuma kwa sababu soko la magari lilikuwa kwao.

Upande wa wadhamini wa mashindano yenyewe hali haikuwa bora. Katika miaka ya themanini jina la Marlboro lilikwenda sambamba na la Safari, na magari ya Subaru yaliyopendwa huku yalivaa rangi ya buluu na tarakimu 555, nembo ya sigara. Fedha za tumbaku ndizo zilizouinua mchezo huu duniani kote, na sheria ndizo zilizozikausha. Ulaya ilipiga marufuku matangazo hayo katika michezo kuanzia Julai 2005, nayo Kenya ikatunga sheria yake ya kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Mwaka 1993 mdhamini wa Safari alikuwa Trust Bank. Miaka mitano baadaye benki hiyo ilianguka.

Safari ya Julai 2002, iliyoadhimisha mwaka wa 50, ilikuwa ya mwisho katika awamu ile. McRae alishinda akiwa na Ford, wa pili akawa Harri Rovanperä wa Peugeot. Waandalizi hawakuwa na fedha za kutosha, na Shirikisho la Kimataifa la Mbio za Magari (FIA) likaiondoa Safari katika ratiba. Benki ya KCB ilijitokeza 2003 kuyadhamini mashindano ya nyumbani na kuyazuia yasife, jambo linalostahili shukrani. Lakini benki ya Nairobi haiwezi kumnunulia dereva nafasi Finland.

Isidhaniwe kwamba mashaka hayo ni ya Afrika peke yake. Desemba 2008 Honda walijitoa Formula One kutokana na msukosuko wa uchumi, na kabla mwezi haujaisha Suzuki na Subaru wakawa wameaga mbio za dunia za magari. Petter Solberg, aliyekuwa bingwa wa dunia wa 2003 akiwa na Subaru, alijikuta hana timu, ikabidi aunde yake mwenyewe. Volkswagen walijiondoa mwishoni mwa 2016, baada ya kashfa ya moshi wa dizeli kuigharimu kampuni mabilioni. Kwa mashabiki wa Kianyaga kuondoka kwa Subaru ndiko kulikouma zaidi, na hadi leo utakuta vijana ambao hawakuwa wamezaliwa Njiru alipokuwa akishindana wakibandika 555 kwenye magari yao bila kujua kwamba wanatangaza sigara.

Kisha kikaja kipindi cha usajili cha mwishoni mwa 2019. Ott Tänak wa Estonia, aliyekuwa ametoka kutwaa ubingwa na Toyota, alihamia Hyundai. Sébastien Ogier akavunja uhusiano wake na Citroën ili ajiunge na Toyota. Citroën hawakutafuta dereva mwingine. Walitangaza kwamba wanajiondoa katika mbio za dunia, na wakasema waziwazi kwamba uamuzi wa Ogier ndio uliowafikisha hapo. Kampuni kubwa ya magari iling'oa hema kwa sababu ya saini ya mtu mmoja.

Toyota wakaanza msimu wa 2020 na madereva wapya watatu: Ogier, Elfyn Evans wa Wales, na Kalle Rovanperä, mwana wa yule Harri aliyekuwa wa pili Safari ya 2002. Msomaji na aitazame orodha ya washindi tangu Safari iliporudi. 2021 Ogier, 2022 Rovanperä, 2023 Ogier, 2024 Rovanperä, 2025 Evans. Mataji matano ya kwanza ya Safari mpya yaligawanywa kwa wino uliomwagwa Ulaya kabla ya hata ugonjwa wa Covid-19 kuahirisha mashindano ya 2020.

Na Wakenya? Mwaka 2021 walijitahidi. Onkar Rai alimaliza wa saba, Karan Patel wa nane, Carl Tundo wa tisa. Rai alishindana chini ya bendera ya Kabras Sugar, sukari ya kampuni ya familia yake. Simlaumu. Mzazi mwenye uwezo asipomsaidia mwanawe amsaidie nani? Patel aliendelea hadi akawa bingwa wa Afrika 2022 na 2023. Ila ni dhahiri kwamba mahali ambapo hakuna mtengenezaji wa magari anayeajiri, kinachobaki ni familia, na familia nyingi za Gichugu zinategemea bonasi ya majani chai.

Palikuwa na jaribio moja la maana. Chini ya mpango wa kukuza vipaji, chipukizi McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome walipata magari ya Ford Fiesta ya daraja la tatu kwa msaada wa kampuni kama Safaricom na Kenya Airways. Februari 2022 Kimathi, ambaye babake Phineas aliyewahi kushindana na baadaye kuongoza shirikisho la mbio za magari nchini alimpa jina la McRae, alishiriki mashindano ya Sweden pamoja na mwelekezi wake Mwangi Kioni, wakipita katika theluji. Juni mwaka huo Maxine Wahome akashinda kitengo cha WRC3 katika Safari, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika duru yoyote ya dunia. Kwa mwezi mmoja hivi nchi nzima ilizungumza habari za madereva wake.

Mimi kazi yangu ni kupunguza maneno ya wenzangu, na ninakiri kwamba sisi wa magazeti tuna dhambi yetu. Jumatatu ya baada ya Safari picha kubwa huwa ya Toyota ikirusha vumbi, na Mkenya aliyemaliza wa kumi hupata aya ya mwisho, ile inayokatwa nafasi ikikosekana. Mdhamini husoma gazeti pia.

Wadhamini nao wana hesabu zao. Kampuni za hapa nchini hupenda kudhamini hafla kuliko mtu. Hafla haigongi mti. Hafla ina jukwaa, ina rais wa nchi akipunga bendera, ina hema la wageni waalikwa. Dereva chipukizi anahitaji kufadhiliwa miaka mitano au sita ya kujifunza, na katika muda huo atabingirika mara kadhaa mbele ya kamera akiwa na nembo ya kampuni kwenye boneti. Meneja wa mauzo anayepimwa kila baada ya miezi mitatu hana subira hiyo.

Toyota wanayo, lakini kwa Mjapani. Takamoto Katsuta alikuwa dereva wa mbio za viwanjani alipochaguliwa mwaka 2015 na kupelekwa Finland kufunzwa upya. Aligonga, akainuliwa, akapewa gari jingine. Miaka sita baadaye alimaliza wa pili katika Safari ya 2021, wa tatu 2022, wa nne 2023, na wa pili tena 2024. Huo ndio urefu wa barabara yenyewe, na ndiyo gharama ambayo hakuna mtu Kenya amewahi kuiweka kwenye karatasi kwa ajili ya dereva mmoja.

Kuna pia njia ya mkato, nayo ni ya mwenye pesa. Katika Safari ya 2022 timu ya M-Sport iliingiza magari matano ya Ford Puma. Moja liliendeshwa na Jourdan Serderidis, mfanyabiashara mwenye asili ya Ugiriki ambaye umri wake ulikuwa unakaribia sitini, na anayelipia nafasi yake mwenyewe. Hakuna ubaya, fedha zake zinaisaidia timu isiyo na hazina ya kampuni kubwa nyuma yake. Ila inathibitisha kwamba kiti cha daraja la juu kabisa kinaweza kununuliwa katika barabara zetu wenyewe, na kwamba aliyekinunua hakuwa Mkenya.

Hapa ndipo serikali inapoingia. Safari ilirudi kwa sababu Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliifanya kuwa ahadi yake, na sehemu kubwa ya mzigo wa kuiandaa ikabebwa na hazina ya umma kwa mkataba uliofika hadi 2026. Tulichopata ni picha za televisheni, hoteli za Naivasha zilizojaa, na siku nne za fahari. Mikondo ilipangwa Kedong, Soysambu, Loldia, Oserian na Sleeping Warrior, yaani katika ranchi na hifadhi za Kaunti ya Nakuru. Usalama wa leo unadai hivyo, na sioni namna ya kurudisha magari yenye kasi ile katikati ya soko la Kutus. Hata hivyo mkazi wa Kianyaga anayetaka kuiona Safari aliyoilipia kupitia kodi yake sharti apande matatu hadi ng'ambo ya Aberdare, alale kwenye hema au garini, na arudi Jumapili usiku.

Wapo wanaosema fedha zote hizo zingejenga zahanati, nami siwapuuzi. Wala sipendekezi kodi ya mama anayechuma chai pale Kimunye itumike kumnunulia mtu gari la mbio. Ninachouliza ni kuhusu yaliyowekwa mezani wakati wa mazungumzo. Nchi inayolipa ili duru ya dunia ifanyike kwake ina haki ya kudai kitu zaidi ya picha. Ingeweza kudai kwamba kila timu ya kiwandani ichukue mafundi wawili wa Kenya kwa msimu mzima, si kwa wiki ya Naivasha. Ingeweza kudai siku za majaribio kwa dereva mmoja, au nafasi moja ya kudumu katika mashindano ya chipukizi, gharama zikigawanywa kati ya mwandalizi na wadhamini. Kampuni iliyotia mamilioni kwenye hafla ingeweza kupewa sharti kwamba sehemu, hata ikiwa moja juu ya kumi, imfuate dereva aliyechaguliwa kwa saa na dakika, bila kuulizwa ni mwana wa nani.

Mafundi nimewataja kwanza kwa sababu hapo ndipo tulipo karibu zaidi. Dereva ni mmoja katika gari, na mwelekezi mmoja. Nyuma yao ni mafundi wasiopungua idadi ya timu ya kandanda, na hao hawahitaji baba tajiri. Wanahitaji cheti, pasipoti na mtu wa kuwapokea.

Yule kijana wa Kianyaga, nilipomaliza kumwuliza maswali yangu, aliniuliza lake moja. Alitaka kujua kama ni kweli kwamba timu zikija Naivasha huwa zinakuja na mafundi wao wote kutoka Ulaya, hata wa kubadilisha magurudumu. Nikamjibu kwamba kazi ya gari la kiwandani hufanywa na watu wa kiwandani. Akafikiri kidogo, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema Impreza iliyokuwa mbele yake ina kelele kwenye gia ya tatu na mwenyewe anaitaka kabla ya saa kumi.